Labda na Budi

Kuna kisa kimoja kuhusu neno labda ambacho wapenzi wa lugha hupenda kukisimulia, na hukisimulia kama kichekesho. Labda, wanasema, limetokana na Kiarabu lā budda, yaani "hakuna njia ya kukwepa", "ni lazima". Mwarabu akisema lā budda amefunga mlango. Mswahili akalichukua neno lilelile, akaufungua mlango na kuacha upepo upite. Kutoka lazima hadi huenda! Hapo msimulizi hucheka, na wasikilizaji hucheka naye, kwa sababu kisa kinathibitisha walichokwisha kukiamini juu yetu watu wa pwani: kwamba hatusemi ndiyo, hatusemi hapana, na ukitukabidhi neno la chuma tutakurudishia sufi.

Kisa hiki nimekisikia darasani, nimekisoma mitandaoni, na nimewasikia Wazanzibari wenyewe wakikisema kwa fahari kidogo. Kuhusu asili ya neno sina ubishi, ni sahihi. Ubishi wangu ni juu ya kile kicheko. Kinaficha kitu ambacho neno hili limekibeba, na ambacho kwetu Kiuyu, kaskazini-mashariki ya Pemba, watu wanakitumia kila siku bila kufungua kamusi.

Tuanze na sehemu ya kisa isiyosimuliwa. Kiswahili hakikuichukua lā budda mara moja. Kiliichukua mara mbili. Kwa njia ya kwanza kiliimeza nzima, kikanushi na nomino yake pamoja, ikawa labuda, umbo ambalo kamusi kongwe bado zinalo; kisha irabu ya katikati ikadondoka na tukabaki na labda. Kwa njia ya pili kiliimega. Kiliiacha lā huko ilikotoka, kikaweka ukanushi wake chenyewe, na kikachukua budi peke yake: hapana budi, hakuna budi, sina budi, hatuna budi. Budi hiyo ndiyo budd ya Kiarabu, upenyo wa kujitoa, kutoka katika mzizi wenye maana ya kutenganisha na kutawanya. Na itazame tabia yake: haitembei bila ukanushi. Hakuna Mswahili anayesema "nina budi".

Kwa hiyo ukiandika labda na hapana budi katika mstari mmoja, umeandika jambo moja mara mbili. Lā ni hapana. Budda ni budi. Labda ni hapana budi iliyoganda ikawa neno moja. Lakini sikiliza: "hapana budi atakuja" na "labda atakuja". Kwa la kwanza utapika chakula cha mtu mmoja zaidi. Kwa la pili utachungulia sufuria kwanza.

Hapo kichekesho kinaanza kupwaya. Kama Waswahili waliipokea lā budda bila kuielewa, hii budi yenye maana kali ileile ya Kiarabu waliitoa wapi? Walioihifadhi maana hiyo ndani ya sina budi ndio haohao waliosema labda. Waliujua uzito wa neno, na bado upande mmoja ukawa mwepesi. Kuna kazi iliyofanyika hapo, na kosa la kusikia halitoshi kuieleza.

Kazi gani? Fikiria watu wawili wamekaa barazani Kiuyu wakimsubiri mwenzao anayetoka Wete. Mmoja anasema: "Keshafika." Mwingine anasema: "Lazima atakuwa keshafika." Nani ana uhakika zaidi? Lazima ni neno zito, lakini aliyelitumia ndiye mwenye uhakika pungufu. Wa kwanza kamwona, au kaisikia sauti yake nyuma ya nyumba. Wa pili anapiga hesabu: gari huondoka saa fulani, njia ni ya muda fulani, mvua haikunyesha, basi lazima. Aliyeona kwa macho yake hana haja ya kulazimisha kitu. Lazima huitwa pale ambapo macho hayakufika na akili imetumwa badala yake.

Mwanaisimu Lauri Karttunen alilieleza jambo hili kwa Kiingereza mwaka 1972: ukiongeza must katika sentensi, unaidhoofisha badala ya kuitia nguvu. Mwaka 2010 Kai von Fintel na Anthony Gillies walimpinga. Kwao must haina udhaifu wowote. Inachofanya ni kumjulisha msikilizaji kuwa msemaji amefika kwenye kauli yake kwa njia ya hoja, hakuishuhudia. Wanaisimu bado wanavutana. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya kitu ninachokihitaji hapa: neno la ulazima, likisemwa kuhusu jambo lisiloonekana, huacha kutoa amri na kuanza kuonyesha kuwa mtu amefikiri.

Kutoka hapo hadi "labda" si mbali, na Kiswahili hakikusafiri peke yake. Wafaransa wana sans doute, ambayo neno kwa neno ni "bila shaka", lakini leo hutumika kwa maana ya "pengine". Mfaransa anayetaka uhakika kamili hulazimika kuongeza neno na kusema sans aucun doute, bila shaka yoyote. Waingereza wana no doubt, na wanaisema hasa pale ambapo shaka ndogo imebaki. Kiajemi nacho kiliichukua lā budda, na lābod ya mazungumzo ya leo mara nyingi husemwa mtu anapokisia: lābod kalala, lābod kakasirika. Na sisi wenyewe tuna "bila shaka umechoka na safari", tunayomwambia mgeni ambaye hatujamuuliza kama amechoka. Neno la uhakika kulainika si ugonjwa wa pwani. Ni tabia ya binadamu popote anapozungumza juu ya kile asichokiona.

Yafaa pia kuuliza lugha nyingine zilianzia wapi, maana kila moja imejenga neno lake la kutokuwa na uhakika kwa mti wake. Perhaps ya Waingereza ina hap ndani yake, neno la kale la bahati ambalo limo pia katika happy na happen; anayelisema ameliacha jambo mikononi mwa bahati. Maybe ni "yaweza kuwa", na peut-être ya Kifaransa ni hivyohivyo: jambo lina uwezo wa kutokea. Vielleicht ya Wajerumani ilianza kama "kwa wepesi sana".

Kwetu, huenda ni kitenzi enda chenye hu ya mazoea: ndivyo mambo yaendavyo. Pengine ilikuwa mahali pengine kabla haijawa wakati mwingine, na kabla haijawa labda. Anayeisema amelihamishia jambo sehemu nyingine ambako linaweza kuwa kweli. Yamkini ni Kiarabu cha "inawezekana". Asaa, ambayo siku hizi utaikuta zaidi kwenye mashairi na kwa wazee, ni labda yenye tumaini ndani yake. Miongoni mwa hizo zote, labda peke yake imezaliwa na lazima. Nyingine zimeanzia kwenye uwezekano, mwendo, mahali au tumaini. Labda imeanzia kwenye hitimisho.

Lakini asili ya neno si hati ya kulimiliki. Siwezi kumwambia mtu wa 2020 na kitu kwamba maana "halisi" ya labda ni lazima kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa katika lugha nyingine karne nyingi zilizopita. Wanaofanya hivyo wanarudia kosa lilelile la wanaocheka, ila kwa sura ya ukali. Neno ni la wanaolisema. Ndiyo maana swali linalonishughulisha ni hili: wanaolisema leo, wanalitumiaje?

Nilipata nafasi ya kulitazama swali hilo kwa karibu kabla ya kuanza shahada ya uzamili, nilipofanya kibarua cha kukusanya takwimu kwa mradi mmoja wa uvuvi. Tulipita vijijini na vishikwambi. Mojawapo ya maswali lilikuwa: je, samaki wa eneo hili wamepungua ukilinganisha na miaka 10 iliyopita? Majibu yalikuwa matatu: ndiyo, hapana, sijui. Maelekezo yalikuwa wazi: anayejibu "labda", bonyeza "sijui".

Mzee mmoja wa madema nilimkuta Kiuyu, kivulini, anafunga upya dema lililopasuka. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza.

"Labda," akasema.

"Kwa nini labda, babu?"

"Zamani nilikuwa natoka mpaka nje ya mwamba. Siku hizi mgongo haunipi, naishia humu ndani. Humu ndani wamepungua, hilo nalijua, nimeliona. Huko nje sikujui tena. Vijana wanaokwenda wanarudi na kidogo, lakini na vyombo vimekuwa vingi, kila mmoja anapata kidogo chake. Labda samaki wamepungua, mwanangu. Labda wavuvi ndio walioongezeka."

Ipime kauli hiyo. Ametenga alichokiona kwa macho yake na asichokiona. Ametaja kwamba mipaka ya ushahidi wake imebadilika kwa sababu yeye mwenyewe amebadilika. Ameleta ushahidi wa watu wengine, na papo hapo akaonyesha kwa nini hautoshi: kidogo cha kila mmoja kinaweza kutokana na upungufu wa samaki au wingi wa vyombo. Wataalamu wa uvuvi wana kipimo kwa ajili ya tatizo hilohilo. Huligawa fungu la samaki waliovuliwa kwa kiasi cha juhudi iliyotumika kuwavua, ili wingi wa wavuvi usidhaniwe kuwa uchache wa samaki. Mzee alifika hapo huku anafunga dema. Kishikwambi kiliandika: hajui.

Nililiuliza jambo hilo kwa msimamizi. Nikajibiwa kwamba takwimu zinatakiwa ziwe safi. Ripoti ilipotoka, ilikuwa na sentensi kuhusu haja ya kuwaelimisha wavuvi kwa sababu wengi wao hawana ufahamu wa hali ya rasilimali yao. Nilipoisoma sikufikiria takwimu. Nilifikiria kamusi. Ukifungua labda katika kamusi zetu utaambiwa ni pengine. Ukifungua pengine utaambiwa ni huenda. Ukiifuata huenda utarudishwa labda. Unazunguka shina moja mpaka kizunguzungu. Hakuna pahala utakapoambiwa kwamba mtu anaweza kuwa na labda yenye sababu nne nyuma yake, na kwamba labda hiyo si ndugu wa sijui. Walioitunga ile hojaji walikuwa wanaisoma lugha kama kamusi inavyoisoma.

Na ajabu ni kwamba mtoto wa Kiuyu hufundishwa tofauti hiyo mapema, chuoni, kabla hajamaliza hata skuli ya msingi. Katika fiqhi huambiwa kuwa ukishajua kwa yakini kwamba una udhu, shaka ya baadaye haiutengui. Baadaye, akiendelea na masomo, hujifunza kwamba kati ya yakini na ujinga kuna ngazi. Dhana ni pale ambapo upande mmoja umeuzidi mwingine uzito. Shaka ni pale ambapo pande mbili zimelingana na mizani imesimama. Ngazi hizo zina hukumu tofauti. Mengi katika sheria hufanywa kwa dhana yenye nguvu, kwa sababu yakini haipatikani kila siku na maisha hayangoji. Hapo ndipo ninapoiweka labda ya yule mzee: ni dhana. Ina upande iliolalia. Hojaji yenye ndiyo, hapana na sijui imebakisha yakini mbili na ujinga mmoja, na ngazi yote ya katikati, ambako watu wengi wanaishi, imefutwa.

Wenye nguvu duniani nao wamehangaika na ngazi hiyo ya katikati. Mwaka 1951 majasusi wa Marekani waliandika kwamba uvamizi dhidi ya Yugoslavia ulikuwa jambo linalowezekana na la kuchukuliwa kwa uzito. Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alikuja kuulizwa walikuwa na maana gani hasa, na akasema yeye alikuwa na 65 kwa 35 kichwani. Alipowauliza wenzake walioiridhia sentensi ileile, alikuta mwingine alikuwa na 20 kwa 80 na mwingine 80 kwa 20. Kisa hicho alikieleza katika makala ya 1964 iliyosomwa sana tangu wakati huo. Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanaoandika ripoti za mabadiliko ya tabianchi waliamua kuyafunga maneno kwa tarakimu: kwao "kuna uwezekano" ni kuanzia asilimia 66, na "kuna uwezekano mkubwa sana" ni kuanzia 90. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo, ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, hutaja uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari kila kimoja peke yake. Hizo zote ni labda. Tofauti ni kwamba zimevaa suti, na aliyevaa suti hakuna anayembonyezea "sijui".

Kiuyu labda haina tarakimu, lakini ina kipimo chake, nacho ni kile mtu anachokifanya baada ya kuisema. Wanawake wanaolima mwani huuanika juani, na mvua ikiupiga wakati unakauka unaharibika. Wingu likijikusanya upande wa bahari utamsikia mmoja akisema "labda itanyesha". Tazama mikono yake. Akisema hivyo huku ameshainama anauanua, labda yake ni nzito; ameona kitu katika upepo au katika rangi ya wingu, na ukimuuliza atakueleza. Akisema huku amekaa anaendelea na mazungumzo, ni nyepesi. Wenzake hawahitaji asilimia. Wanatazama kama ameinuka.

Na labda tupu zipo, siwezi kukataa. Ipo labda ya karani anayekwambia "labda kesho" bila kuinua kichwa, ya fundi ambaye hajakata hata kitambaa, ya kiongozi anayeulizwa juu ya ahadi. Hizo ni njia za kukwepa, na ukiirudia asili ya neno utaona kejeli yake: wanatumia budi kama budi, upenyo wa kujitoa, na ile lā ya kukanusha wameiangusha njiani. Lakini kuzitenganisha na labda ya yule mzee hakuhitaji shahada. Kunahitaji swali moja tu, kwa nini, na subira ya kusikiliza jibu. Labda yenye dhana ndani hufunguka ikiulizwa, ikatoa sababu moja baada ya nyingine. Labda tupu hurudia tu kusema labda.

Kama ningepewa kuandika kidahizo hiki katika kamusi, nisingekipeleka kwa pengine nikakiacha huko. Ningeandika kwamba labda ni neno la mtu aliyepima jambo asilolishuhudia na akauona upande mmoja una uzito, ingawa hajaufunga mlango. Kwamba lina asili moja na budi ya hapana budi. Na kwamba halina maana ya sijui. Kisha ningeongeza mfano wa matumizi, kama kamusi zifanyavyo, nao ungekuwa wa watu wawili: mmoja anasema labda, na mwingine anamuuliza kwa nini. Na katika hojaji ningeongeza kitufe cha nne, na chini yake nafasi ya kuandika sababu.